Komeo la Nje

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mchungaji amemfanya kinyozi kuwa mzee wa kanisa. Kinyozi! Mimi, fundi seremala, niliyetengeneza mlango wa kanisa hilo kwa mikono hii, nimeachwa benchi la nyuma kama gunia. Nikamwambia Mchungaji nahama. Nilitegemea alie. Akasema niende salama, na siku nikitaka kurudi nafasi yangu ipo. Hata kunibembeleza hakunibembeleza. Dharau tupu!

Jumanne, tarehe 4

Nimepata kanisa la maana. Liko kwenye ghala la zamani nyuma ya kiwanda cha matofali. Mkubwa wao anaitwa Nabii. Kanitazama usoni, akasema aliniota: mimi ni Nguzo. Hatujawahi kuonana, kajuaje? Mke wangu kasema labda kaona nilivyoingia nimevimba. Mwanamke huyu mambo ya rohoni hayaoni.

Alhamisi, tarehe 6

Nimempeleka mke wangu ibadani. Kaniaibisha. Nabii kasema dunia inaisha mwaka huu, mke wangu akanyoosha mkono, eti imeandikwa wapi? Msaidizi wa Nabii akamwambia hapa maswali ni dhambi, na Biblia hufunguliwa na Nabii peke yake. Njiani mke wangu akanikumbusha kwamba aliwahi kumuuliza Mchungaji swali, Mchungaji akakiri hajui, akaenda kusoma, akarudi na jibu. Nikamwambia ndiyo tofauti yenyewe hiyo, mama: yule hajui, huyu anajua. Akaongeza mwendo, akaniacha nyuma. Nimemshinda.

Ijumaa, tarehe 7

Kazi! Nabii anataka komeo kwenye mlango wa ghala. Upande wa nje. Nikauliza, kwa nje si mtafungiwa? Akasema ni ulinzi wa kondoo wakati wa mfungo. Kumbe! Mlango wa Mchungaji hauna hata kitasa, upepo ukivuma unajifungua, mbuzi wanaingia kusikiliza mahubiri. (Kitasa nilisahau kukiweka mimi, lakini hilo si la leo.) Kanisa la kweli utalijua kwa mlango wake. Nimefunga komeo zito, la kifahari. Skrubu ndefu ziliniishia, nikatumia fupi. Nani atajua?

Jumamosi, tarehe 8

Asubuhi tuliingia kwenye mfungo. Mke wangu hakutaka. Nikamwambia Nguzo haendi peke yake, akanifuata akiguna. Mlangoni msaidizi akakusanya simu. Kisha akachukua dawa za presha za mke wangu. Nikamwambia hizo aziache, anakunywa kila siku. Akasema mwenye imani hamezi vidonge, na kuanzia leo hatuna tena watoto wala ndugu nje ya kuta hizi. Nikasema basi, tunaondoka. Nikasikia komeo langu likifungwa kwa nje. Kraa! Sauti safi kabisa. Sijawahi kuchukia kazi yangu namna ile.

Nikamwendea Nabii. Nikasema mimi Nguzo naomba njia. Akasema nguzo haitembei.

Kufika mchana mke wangu akaanza kushika kichwa. Akakaa chini bila kunisema, hata neno moja. Hapo ndipo nilipoogopa. Anaponisema najua yuko mzima! Nikaupiga mlango bega. Komeo likang'oka na skrubu zake zote, nikaanguka nje kifudifudi, waumini wengine wakanipita juu wakikimbia. Nikainua uso, viatu vya Mchungaji. Kumbe mke wangu alimwachia neno jana: tusiporudi mchana aje. Kaja na polisi na kinyozi. Kinyozi akampandisha mke wangu kwenye baiskeli, mbio hadi zahanati. Presha imeshuka. Jioni amenisema mpaka sauti imekauka. Asante Mungu!

Jumapili, tarehe 9

Tumerudi kwa Mchungaji. Nafasi yetu ipo. Hakunisuta, aliuliza tu kama nimekula. Nikatokwa na machozi kidogo. Vumbi. Baada ya ibada nilimweleza kinyozi kwamba yule Nabii nilimnusa tangu siku ya kwanza, na skrubu fupi nilizichagua kwa makusudi. Kinyozi kasema ahaa, akaangalia pembeni.

Jumapili, tarehe 16

Nimewaza wiki nzima, nimeujua ugonjwa ulipo. Mke wangu ni mwepesi wa kudanganywa. Kwa hiyo jana nimefunga komeo kwenye mlango wetu, upande wa nje, ili nikitoka matapeli wasimfikie. Leo asubuhi, huku natafuta kiatu cha pili, nikawa namfundisha namna ya kumtambua nabii wa uongo. Akasema sawa, mzee wangu, akachukua Biblia yake, akatoka.

Kraa!

Halafu kicheko, kikienda mbali taratibu upande wa kanisani.

Madirisha yana nondo, niliziweka mwenyewe. Bega limevimba. Mlango hautikisiki hata kidogo. Safari hii niliweka skrubu ndefu.

Fundi ni fundi, bwana.