Kawaguchi Chini ya Kitambaa

Jumatano, 4 Machi

Mélissa wangu kapewa mji shuleni! Jumatatu kila mtoto ataonyesha mfano wa mji wake, jinsi unavyoonekana kutoka juu. Wake ni Kawaguchi, Japani. Akataka kushuka kwa Mama Gaël, jirani yetu wa chini, msomi, kiongozi wa kwaya, amsaidie kuujenga. Nikamuuliza kwa nini si mimi. Akanijibu kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba mimi sikusoma sana. Huo upole ndio uliouma.

Safari hii nasaidia mimi. Nimeapa mbele ya friji.

Alhamisi, 5 Machi

Nimeitazama Kawaguchi kwenye simu huku nanyonyesha. Jamani! Tokyo iko ng'ambo ya mto tu. Maghorofa, wageni kutoka nchi mbalimbali, asubuhi watu mbio kuwahi treni ya kazini. Si kama hapa hapa Dixon, mtaa wetu huu wa ughaibuni! Tena wanasifika kwa kuyeyusha chuma, hata masufuria wanatengeneza.

Nimejenga kwa maboksi ya pampasi. Gundi imeshika vidole vyangu tu. Mdogo wake Mélissa kala stesheni.

Ijumaa, 6 Machi

Mama Gaël kaja kuomba chumvi. Uongo! Chumvi anayo. Kasema mji wa mwanawe Gaël unawaka taa, halafu kauliza, sisi wenzake tumefika wapi? Nikasema mbali sana. Nimefunga mlango, akili ikanijia. Gundi siijui. Ugali naujua!

Jumamosi, 7 Machi

Nimesonga ugali mgumu kwenye sufuria ya chuma niliyotoka nayo kambi ya wakimbizi. Nimekata maghorofa kwa uzi. Mto ni dagaa, unang'aa. Treni ni maandazi. Bustani ni sombe, majani ya muhogo. Mélissa kapanda kiti, katazama kutoka juu, kaniuliza, "Mama, umejenga wewe?" Kwa Kiswahili! Nimesingizia kitunguu. Kitunguu hakikuwepo.

Nimeufunika mji kwa kitambaa changu cheupe, katikati ya meza. Mama Gaël asije akaiga.

Jumapili, 8 Machi

Balaa! Baada ya ibada kwaya nzima imekuja kutusalimu, Mama Gaël mbele. Nimewakaribisha, nikaenda kumbadilisha mtoto nepi. Narudi, Mzee Bonaventure wa kanisani kashaombea chakula, anasema amina, kitambaa kishafunuliwa. Ndiyo, kwetu mgeni akikuta meza imefunikwa, anajua alisubiriwa. Ningewaambiaje acheni, hiyo ni Japani? Nikaleta maji ya kunawa.

Wamemaliza maghorofa, wakavuka mto. Mama Gaël kaula mto wenyewe, kisha akasema dagaa hawakuiva. Mzee kaniombea baraka kwa ukarimu. Mélissa mlangoni, machozi yanamlenga. Sikuweza kumtazama.

Jumatatu, 9 Machi

Asubuhi nimempa kilichobaki: sufuria, na ukoko wake. Kaibeba, katoka.

Karudi anaruka! Kawaambia wenzake Kawaguchi ni mji wa wayeyusha chuma, na kwamba mama yake aliujenga wote, wageni wakaula. Darasa limecheka, likaomba kuonja ukoko. Mwalimu kaonja mara mbili. Taa za Gaël ziligoma kuwaka (namwonea huruma, kidogo).

Mradi ujao ni volkano. Mélissa hakushuka chini. Kaja moja kwa moja jikoni kwangu.

Na kosa nimeshaligundua. Kitambaa kilikuwa chepesi mno, dagaa wakaonekana. Volkano itakuwa ya wali, maharage yakitiririka, katikati ya meza. Nitaifunika vitambaa viwili, tena vile vya kudarizi. Na kwaya nimewaalika mwenyewe, waje kutazama tu, waone hakuna kinachofichwa.