Mafuta ya Kichwa cha Jaji

Jumatatu, 3 Machi

Mtoto ana wiki saba na kichwa kinambanduka. Magamba ya manjano kuanzia utosini hadi kwenye nyusi. Mashavu makavu mpaka yamefanya mistari. Nyuma ya masikio wekundu mtupu. Tunamwita Jaji kwa sababu humtazama kila mtu kama vile ameshasoma faili lake. Leo alinitazama mimi, akajisugua shavu kwa ngumi, akaangua kilio. Hukumu imetoka.

Mchana alipita shemeji. Huyu ni kaka yake mke wangu, anauza kwenye duka la dawa, na ukoo mzima unamwita Daktari. Daktari! Mtu ambaye kazi yake ni kupanga chupa kwenye rafu! Alimwangalia Jaji kidogo, akasema hali hiyo huwapata watoto wachanga wengi na huisha yenyewe. Tumwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, kwa muda mfupi, sabuni kidogo sana au tuiache kabisa. Akitoka majini tumpake mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Kichwani tulainishe kwa mafuta hayohayo, tupitishe brashi laini, tusibandue kitu kwa nguvu. Mke wangu alikuwa anaandika kwenye karatasi. Anaandika! Miaka minne ya ndoa, mimi sijawahi kuandikwa hata neno moja.

Nilimuuliza shemeji mbele ya watu, kama inaisha yenyewe, yeye amekuja kufanya nini. Hakuna aliyecheka.

Jumapili mama mkwe anakuja kumwona mjukuu kwa mara ya kwanza. Mke wangu ameniambia, kwa ile sauti ya chini iliyo mbaya kuliko makelele, kwamba nisiguse kitu. Ngozi ya mtoto ikiharibika zaidi, atarudi naye kwao. Bado ana kinyongo cha kitanda cha mtoto, nilichokipiga vanishi siku moja kabla ya Jaji kuzaliwa. Mtoto alipiga chafya wiki nzima. Wiki moja tu!

Nina siku sita. Jumapili kichwa kile kitang'aa, na Daktari atarudi kwenye chupa zake.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata!

Kazini leo nimepewa meza kuukuu ya ofisi. Imekauka, imepasukapasuka, rangi inabanduka kwa magamba. Nilisimama na msasa mkononi kama mtu aliyeona mzimu. Yale ni mashavu ya Jaji. Yaleyale! Sasa mimi, fundi wa kung'arisha fenicha kwa miaka kumi na moja, mbao kavu naifanyaje? Natoa kilichokufa. Nailisha mafuta, mkono wa kwanza wa kupaka, naiacha inywe. Kisha mkono wa pili, nafunga kwa nta. Hakuna fundi anayeiambia meza isubiri, ukavu utaisha wenyewe.

Wenzangu walipokwenda kula nilibaki karakanani. Kopo dogo la rangi, safi kabisa, nililisugua mwenyewe. Mafuta ya kitani, yaleyale tunayolishia meza. Nta ya nyuki. Harufu ilikuwa kali kidogo, nikakamulia limau na kudondoshea marashi. Mchanganyiko ukawa mzito, wa rangi ya dhahabu. Machozi yalinilengalenga, na si kwa sababu ya limau peke yake.

Mwenzangu wa benchi, tunayemwita Taratibu, alirudi mapema akauliza hiyo ni ya kabati gani. Nikamwambia ni ya mteja maalumu. Akanusa, akasema huyo mteja ataungua. Wivu wa kazi.

Sikukurupuka, nilijaribu kwanza kwenye mikono yangu. Hakikutokea kitu. (Mikono yangu ilikufa ganzi mwaka ule iliponimwagikia asidi kazini, lakini kipimo ni kipimo.)

Alhamisi, 6 Machi

Jana ilipita bure. Mke wangu hamwachi mtoto hata nukta. Leo nikabadilisha mbinu. Nikasema kwa upole, mama, wewe pumzika, leo nitamwogesha mimi. Alinitazama muda mrefu. Hajachana nywele tangu wiki iliyopita, macho yamemwingia ndani. Akanipa karatasi ya Daktari, akaniambia nifuate kama ilivyo. Kabla sijafika mlangoni alikuwa ameshalala, amekaa hivyohivyo kwenye kiti.

Karatasi nikaiweka mfukoni. Maji niliyatia moto zaidi ya uvuguvugu, kwa sababu uvuguvugu hautoi kitu. Sabuni mara mbili. Uso lazima uwe safi kabla ya mkono wa kwanza. Msasa sikutumia, mimi si mwehu. Nilitumia kitana cha meno membamba.

Yakatoka! Magamba makubwa, mengine yamekuja na nywele zake. Chini yake ngozi ya waridi, sehemu nyingine imelowa. Jaji alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia, cha juu, bila kupumzika, mpaka mdomo ukatetemeka na sauti ikakatika. Nilimwimbia. Nikamwambia vumilia baba, karibu tunamaliza. Fundi haachi kazi katikati.

Kisha kopo. Kichwa, nyusi, mashavu, nyuma ya masikio. Aling'aa! Akalala kwa kuchoka kulia.

Mke wangu alipoamka aliuliza kwa nini mtoto amelia sana. Nikasema maji yaliingia jichoni. Akauliza kama nimempaka mafuta ya mgando. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimeshachota robo ya kopo la mgando kwa kidole na kuitupa, ili hesabu zikubali. Vitu vidogo kama hivyo ndivyo vinavyomtofautisha fundi na kibarua.

Ijumaa, 7 Machi

Amekuwa mwekundu. Vipele vidogovidogo kwenye mashavu, na kichwa kimevimba kidogo kwenye zile sehemu zilizolowa. Anageuza kichwa huku na huku kwenye shuka, anajisugua, analia, anajisugua tena. Mke wangu aliniomba ile karatasi, akaisoma mara tatu kutafuta alipokosea yeye, akanirudishia.

Akamwita kaka yake. Daktari alikuja mbio, akainama kwa Jaji, akanyanyuka na uso wa ajabu. Akauliza kwa nini mtoto ananuka kama kabati jipya.

Nikasema ni kitanda. Lile neno lilitoka lenyewe! Nikasema labda ile vanishi bado inatoa harufu. Mke wangu alishika upande mmoja wa kitanda, akaningoja nishike wa pili. Tukakitoa nje ya mlango wa nyuma. Kazi ya miezi miwili ya mikono yangu, na nimeisingizia mwenyewe na kuibeba mwenyewe.

Daktari alinifuata pale nje. Akaniambia taratibu, shemeji, kama kuna kitu umempaka niambie sasa hivi, nitajua la kufanya, na sitamwambia mtu. Hakuwa na kejeli hata kidogo. Hilo ndilo lililoniudhi. Kama angenidhihaki ningemwambia.

Nikasema hakuna kitu.

Nimekaa nikafikiri. Kila fundi anajua mkono wa kwanza huifanya mbao kuwa mbaya. Nyuzi zinasimama, uso unakwaruza, mwenye meza akichungulia siku hiyo anataka kulia. Mgeni wa kazi ndiye anayetishika. Mkono wa pili ndio unaolaza kila kitu. Nimeanza kuelewa kwamba kosa langu ni kusimama nusu.

Jumamosi, 8 Machi

Mchana mke wangu alitoka kuanika nepi. Dakika tano. Mkono wa pili.

Jaji hakulia sana. Nilifurahi. Nilidhani amezoea.

Saa kumi jioni alikuwa wa moto. Kichwani yalikuwa yanatoka maji ya manjano. Mama yake alimpa ziwa, akaliacha. Akampa tena, akaliacha. Hakulia kabisa, alilala tu na macho nusu wazi, hamtazami mtu yeyote. Ningetoa chochote anitazame kwa ile hukumu yake.

Mke wangu alimbeba akatoka bila viatu. Nilimfuata na viatu mkononi hadi hospitali, na hakugeuka kuvichukua.

Muuguzi alituuliza tumempaka nini. Mke wangu akaomba ile karatasi, nikaitoa mfukoni. Akaisoma mstari kwa mstari, kwa sauti iliyotulia, kama mwanafunzi aliyehifadhi somo. Maji ya uvuguvugu. Muda mfupi. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Akasema nimefuata yote, dada, nimefuata yote, sijui nimekosea wapi. Muuguzi akatazama karatasi, akatazama kichwa cha mtoto.

Kopo lilikuwa kwenye mfuko wa shati langu. Nikalitoa nikaliweka mezani.

Muuguzi alilifungua, akanusa, akamsogezea mke wangu. Naye akanusa. Hakunitukana. Alikunja karatasi mara mbili, mara nne, mpaka ikawa ndogo kabisa, akaifumbata mkononi.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amekuja kumwona mjukuu wake kwa mara ya kwanza. Wodini. Mtoto ana mrija kwenye mkono, na mkono wenyewe haufiki unene wa mpini wa brashi yangu. Tabibu ametueleza kwamba ngozi ilibanduliwa, vijidudu vikaingia. Amesema mtoto wa umri huu akipata homa hakuna kusubiri hata kidogo, na tumewahi. Nadhani alisema tumewahi ili tupate pumzi. Mimi sikuipata.

Nilikaa kwenye benchi la ukumbini. Mama mkwe akaja akakaa pembeni yangu. Nikajiandaa kwa maneno. Alinipa chupa ya maji akasema kunywa, baba. Nikanywa. Kisha akasema wakiruhusiwa, wataenda kwake. Nikasema sawa, mama.

Nililia pale pale, watu wanapita na ndoo zao. Niliogopa. Niliogopa kwamba mwanangu atakufa, na kwamba kitu cha mwisho alichokijua duniani kitakuwa kitana changu.

Jumatano, 12 Machi

Homa imeshuka tangu jana. Ananyonya. Wameruhusiwa, wakaondoka moja kwa moja kwenda kwa mama mkwe. Niliwabebea mfuko hadi getini.

Nimekirudisha kitanda ndani. Kiko kitupu, kinang'aa. Nyumba imepoa.

Kopo nimelitupa jalalani, nikalikanyaga kwanza. Naapa hapa kwenye karatasi, kwa wino: sitachanganya kitu tena. Mimi ni fundi wa mbao na nitakufa fundi wa mbao.

Jumapili, 16 Machi

Nimeruhusiwa kumwona. Sharti moja, nije mikono mitupu. Mama mkwe alinipekua mlangoni, mifuko ya shati, mifuko ya suruali, hata ndani ya kofia. Alifanya kwa adabu, akiniomba radhi kila mfuko.

Jaji amependeza. Mashavu laini. Kichwani yamebaki magamba machache, mepesi, mama yake anayapitia kwa brashi laini kila akitoka kuoga. Mgando na maji ya uvuguvugu, basi. Na nani alikuwa amempakata, kajiegemeza kama mwenye nyumba? Daktari.

Nilinawa mara mbili, nikampokea mwanangu. Akanitazama. Faili lote. Nikamwambia ni mimi, baba. Pua yake ikachezacheza, mdomo ukatetemeka, akalia. Kilio kilekile cha Alhamisi. Nilimbembeleza, kikazidi. Nikamtoa, Daktari akampokea, kikakatika papo hapo.

Mke wangu hakuwa na hasira, heri angekuwa nayo. Alisema mtoto anaijua harufu ya mikono yangu. Akasema tusubiri kwanza, miezi kadhaa, hadi asahau.

Nimerudi kwa miguu nikinusa viganja. Kweli. Miaka kumi na moja ya mafuta na vanishi, sabuni inapita juu tu. Moyo uliniuma mpaka nikasimama njiani nikashika ukuta.

Hapo ndipo akili iliponifunguka. Harufu! Kumbe tatizo zima lilikuwa harufu! Mwanangu hana ugomvi na mimi, ana ugomvi na harufu. Na kichwa kile, tuseme ukweli, magamba yale makubwa aliyatoa nani? Brashi laini?

Kazini kuna dawa ya maji tunayopaka makabati ya zamani, inang'oa harufu hata ya miaka thelathini. Kiapo kilihusu kuchanganya. Hii haichanganywi, inamiminwa. Nimeloweka mikono nusu saa. Inachoma, hata hii mikono yangu iliyokufa. Dalili nzuri. Tatizo ni kwamba harufu imeshamwingia na yeye, tangu ile mikono miwili ya mafuta niliyompaka, kwa hiyo Jaji pia atahitaji kidogo. Tone moja, nyuma ya masikio.

Nimepata kichupa kinachoweza kukaa popote. Mama mkwe leo alipekua kila mfuko. Soksi hakugusa.