Jenerali Avuka Ukuta

Jumapili, 4 Mei

Nimetoka gulioni na mbegu. Mama Lei, mke wangu, alinipa maagizo mlangoni: ninunue Ndoano ya Dhahabu, yale maharagwe mabichi ya njano, laini, mepesi kulea. Sababu ni mama yake. Bibi anatimiza miaka themanini tarehe kumi Agosti. Hana jino hata moja. Ameomba kitu kimoja tu: sufuria ya maharagwe na mbavu za nguruwe, maharagwe yachumwe uwanjani kwetu. Mwaka jana aliahidiwa hivyo hivyo akaishia kula kabichi ya dukani. Basi mwaka huu yasipotoka kwangu, kipande changu cha bustani kinakuwa cha Mama Lei, apande vitunguu vya majani. Daima.

Sina wasiwasi. Mwaka jana ilikuwa kosa la baridi.

Gulioni nilitumia akili. Ndoano ya Dhahabu? Kila mtu anayo, hata jirani yangu Yu. Yai la Shomoro? Yana madoa mazuri, lakini mtu mzima hawezi kujivunia shomoro. Kisha nikaona Jenerali. Ganda pana kama dole gumba! Muuzaji aliapa kwamba ukilichemsha linayeyuka mdomoni bila uzi hata mmoja, na kwamba hakuna fito ambayo Jenerali haifiki kileleni. Nimenunua Jenerali. Mama Lei hajaambiwa bado.

Jumamosi, 10 Mei

Ameambiwa. Tuyaache hayo.

Suala la leo lilikuwa fito. Wengine huenda mtoni kukata mierebi, wakarudi na mgongo uliopinda. Mimi nimetazama ukuta wetu wa kusini. Ng'ambo yake ni uwanja wa Yu Changhe, na Yu ameegemeza fito zake hapo hapo, ndefu, zimefungwa kwa waya, vichwa vinachungulia kwetu. Bure kabisa! Nimepanda Jenerali chini ya ukuta. Atapanda matofali, atashika fito za Yu, kazi imekwisha.

Mama Lei akasema upande wetu wa ukuta ni kivuli, jua lote liko kwa Yu. Nikamjibu kwamba Jenerali haombi jua. Akarudi kukanda unga.

Yu naye aliuliza kutoka ng'ambo kama nahitaji fito, anazo za ziada. Nikamwambia nina mpango. Akasema hilo ndilo linalomtia hofu.

Alhamisi, 19 Juni

Jenerali amenipita kimo. Ndoano za Yu zinamfika kiunoni, maskini. Nilipanda kigoda nikampa pole. Alishukuru.

Machipukizi yangu yameshashika fito zake. Hata hajui!

Jumatano, 16 Julai

Siku ya ushindi. Tawi la mplamu wa Yu limevuka ukuta, na sheria ya mtaa wetu inajulikana: kilichovuka ukuta ni mali ya uwanja kinamoning'inia. Kwa sheria hiyo nimekula plamu za Yu miaka na miaka. Leo jioni, watu wakiwa wamekaa nje na pepeo zao, Yu akaja kwa upole kuomba kikapu kimoja, mkewe anataka kukausha. Nilisimama nikaisoma sheria yote. Nikaisindikiza kwa kugonga ukuta na kandambili, ili hata wa mwisho wa mtaa asikie.

“Sawa, Mzee Guan,” akasema Yu. “Sheria ni sheria.”

Akaenda zake. Napenda jirani anayekubali kufundishwa.

Maharagwe: majani mengi sana. Maua sijayaona. Huenda Jenerali ana haya.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepanda kigoda. Nimechungulia. Nimeshuka. Nimepanda tena kuhakikisha.

Yapo! Mamia! Yote kwa Yu, yanang'aa juani kama yamepakwa mafuta. Upande wangu kuna majani na maganda manne, moja limeliwa na konokono. Na Yu alikuwa na beseni, anachuma. Nikamwambia hayo ni yangu. Hakupandisha sauti.

“Yamevuka ukuta, Mzee Guan.”

Hakumalizia. Mtaa mzima ulimmalizia.

Ijumaa, 8 Agosti

Alfajiri. Nimepanda kigoda, mguu mmoja juu ya ukuta, mwanzi mrefu mkononi, ndoano ya waya mbele. Nilishapata maganda sita pale bata bukini wa Yu alipoamka. Bata yule ana roho mbaya. Alining'ang'ania mkono wa shati, nikaanguka upande wangu, mwanzi na kandambili vikaanguka upande wake.

Wakati wa chai Yu alinirudishia kandambili. Ameiosha. Hilo liliniuma kuliko bata.

Jumapili, 10 Agosti

Nilikuwa na mpango wa mwisho, na ulikuwa mzuri. Jana nilinunua maharagwe gulioni kwa siri. Leo, kabla ya Bibi kufika, nimeyafunga kwenye matawi yangu kwa uzi wa kushonea wa Mama Lei. Yalipendeza!

Nani angejua kwamba Bibi atataka kuchuma mwenyewe? Alichuma la kwanza, likaja na uzi mwekundu wa urefu wa mkono. Akaugeuza geuza. Akasema aliambiwa aina hii haina nyuzi.

Mama Lei aliuchukua uzi wake. Aliingia jikoni, akaanza kukata kabichi. Kutazama mgongo wake kulinitia aibu, naandika wazi.

Ndipo Yu akabisha hodi na beseni limejaa Jenerali. Alisikia Bibi yupo. Mbavu zikawekwa, maharagwe yakachemka hadi yakalegea, mikate ya mahindi ikabandikwa pembeni mwa sufuria. Bibi alikula mabakuli mawili, macho ameyafumba. Kisha akauliza nani amelima kitu kitamu namna hii.

Nikasimama. Nikasema ni yangu, mizizi iko kwetu, aende akaangalie.

“Baba Lei,” akasema Bibi, “mimi sikula mizizi.”

Akachagua ubavu mnono kuliko yote, akauweka kwenye bakuli la Yu. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kuniwekea hata mfupa. Niliumia. Niliumia sana.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama Lei ameshapanda vitunguu. Kipande chote. Hakuimba, hakunisimanga. Ilikuwa afadhali angenisimanga.

Nimekaa kwenye kigoda nikatafuta kosa lilikuwa wapi. Si ukuta. Si fito. Kosa ni aina! Jenerali ni dhaifu: alivuka akachoka, akatulia huko huko. Muuzaji ananiambia kuna aina inayotambaa mara mbili ya Jenerali. Hiyo itavuka kwa Yu, itamaliza fito zote, itakosa pa kwenda, itarudi nyumbani na maganda yake. Mbegu ziko ndani ya soksi. Kati ya vitunguu na ukuta pamebaki nafasi ya kidole, inatosha.

Nimemshauri Yu kwamba mwakani aongeze fito, na ziwe ndefu zaidi. Amekubali papo hapo, hata kabla sijamaliza kusema. Jirani mwema sana.