Ombi la Kurudishiwa Ukosefu Wangu wa Ajira

Kwa Pak Lurah Sutrimo,
Mkuu wa Kijiji cha Sidoluhung.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo, Bu Lurah, pamoja na jogoo wenu anayetuamsha kijiji kizima bila kudai chochote. Mimi ni Ngatiman, wa nyumba ya mwisho karibu na kisima. Tangu kiwanda cha viatu kifungwe, miaka miwili sasa, sina kazi, na bila kujisifu, hapa kijijini hakuna anayeijua hali hiyo kunishinda. Jumatatu iliyopita nilinyang'anywa hali hiyo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ofisi yako iliagiza kila nyumba inayopewa mchele wa msaada iandikwe ukutani kwa rangi nyekundu: FAMILIA MASKINI. Ukanipa kopo na brashi, nikaandika nyumba kumi na tisa, ya ishirini yangu mwenyewe. Herufi zilinyooka, ulizisifu kwa kinywa chako. Ilinichukua saa moja na robo. Ujira ulikuwa mayai kumi, tukayala siku hiyo hiyo.

2. Kesho yake akaja Mbak Retno, binti wa takwimu, na kishikwambi chake. Ana adabu, sina neno naye. Aliniuliza: "Pak Ngatiman, wiki hii umefanya kazi ya ujira walau saa moja?" Nami kwa ujinga wa kusema kweli nikajibu ndiyo. Akabonyeza, akanipa hongera, eti nina ajira. Laiti ningejua, zile nyumba tano za mwisho ningeziacha, saa isitimie.

3. Mafunzo ya kuchomelea vyuma pale wilayani ni ya wasio na ajira tu. Miezi mitatu, chakula cha mchana, na cheti juu yake. Usajili unafungwa Ijumaa, na mwakani nitakuwa nimepita umri. Karani wako, Pak Darsono, amelikata jina langu kwa rula, akaniambia niache tamaa, niwaachie wasio na kazi. Iliniuma, sikufichi.

4. Kwa kuwa nina ajira, nikaagizwa nifute yale maandishi kwangu. Rangi yenu ni imara, Pak Lurah. Nilisugua saa nzima, nikapewa mayai mawili. Mbak Retno akapita, akanikuta nasugua, akabonyeza tena. Sasa nina hadi uzoefu wa kazi.

5. Nasikia majirani wote kumi na tisa nao wataitwa wafute kwao, saa moja moja, ili kwenye mkutano utangaze kuwa ukosefu wa kazi umekwisha Sidoluhung, na umaskini pia, maana hautasomeka popote. Sera hii naiunga mkono kwa moyo wote.

Ninachoomba ni kibali cha kukosa kazi mpaka Ijumaa tu. Naahidi kukaa kibarazani bila kugusa kitu. Mke wangu Lasmi nimemweleza asinitume hata maji kisimani. Jibu alilonipa haliandikiki katika barua ya heshima.

Wasalimie Bu Lurah, Mbak Retno, na Pak Darsono na rula yake.

Wako mtiifu, kwa sasa mwajiriwa,
Ngatiman

N.B. Nilipokuwa namsomea Lasmi barua hii, majirani walisikia dirishani. Wote kumi na tisa wanataka niwaandikie kama hii, na wameshapanga foleni, kila mmoja na yai lake. Nimeshaandika tisa. Sarju, wa kumi, ameniuliza kama natafuta msaidizi. Na mwisho kabisa wa foleni amesimama Mbak Retno, hana kishikwambi. Mkataba wake wa kutuhesabu uliisha jana, naye ameshika yai. Basi, Pak Lurah, nafasi yangu ya kuchomelea vyuma mpe yeye. Mimi Ijumaa nitakuwa kazini.