Ndege Wapewe Mafunzo, Vioo Viachwe

Chumba cha Ndoo,
Chini ya ngazi, mkono wa kushoto.

Kwa Meneja wa Jengo,
Ghorofa ya nane, mlango wenye zulia.

Ndugu Meneja,

YAH: BARUA YA ONYO NILIYOPEWA KWA AJILI YA NDEGE

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini kwa kuwa barua yako ya onyo ilijieleza kwa kurasa mbili, naomba na mimi nijieleze.

Mimi ni mwosha vioo wa jengo hili, huu mwaka wa kumi na tisa. Unanifahamu. Mimi ndiye yule anayening'inia kwa kamba nje ya dirisha lako kila Jumatano, nawe ukijifanya unasoma faili.

Nilikwenda likizo ya wiki moja kumsaidia mama mkwe kuhama nyumba. Niliporudi Jumatatu nikakuta upande mzima wa mashariki, ule unaotazama miti, umejaa vidoti vyeupe kutoka chini hadi juu. Mtu wa kazi yangu akiona kitu cheupe kimeganda kwenye kioo hahitaji kufanya utafiti. Nilijua ni ndege. Nilishangaa kidogo kwamba safari hii walikuwa wamejipanga kwa mstari, vidole viwili kati ya tone na tone, nikasema labda siku hizi wameelimika. Nikachukua wembe wangu wa kukwangulia, nikakwangua siku nne. Jumatano nilifika kwenye dirisha lako nikiwa kazini, wembe mkononi, ukanipungia mkono. Nina haki ya kuiita ile idhini.

Ijumaa ndipo nikapewa onyo, nikaelezwa kwamba vile vidoti ni stika zilizobandikwa na Mtaalamu wa Ndege nikiwa likizo, ili ndege wakione kioo wasijigonge. Nikaambiwa nivirudishe vyote kabla ya mwisho wa mwezi au nikabidhi ndoo. Ndugu Meneja, ndoo sikabidhi na vidoti sirudishi. Sababu zangu ni hizi:

1. Heshima ya kioo. Kioo kilichooshwa vizuri hakionekani. Ndiyo kazi yenyewe. Mpishi husifiwa kwa kinachoonekana mezani, mimi sifa yangu ni kisichoonekana, na kwa kuwa watu hawawezi kusifu wasichokiona, sijasifiwa tangu niajiriwe. Mtu mmoja tu ndiye anayejua, naye ni mama mkwe. Kila mwezi hupita na basi hapo mbele akienda kliniki, hunyoosha kidole na kuwaambia abiria kwamba pale pasipo na kitu ndipo alipopita mkwewe. Miaka minne ya kwanza ya ndoa yangu mama huyu aliniita "yule jamaa". Leo ananiita mwanangu, na ni vioo vilivyonifikisha hapo. Vikirudi vidoti atanyoosha kidole aonyeshe nini?

2. Ndege hawafuati utaratibu. Kila anayeingia humu husimama getini, akaandika jina, namba ya simu, na anakwenda kumwona nani. Wewe mwenyewe, siku uliyosahau kitambulisho, mlinzi alikuweka juani dakika arobaini na wafanyakazi wote tulifurahi. Namaanisha tulifurahia utaratibu. Sasa ndege anakuja mbio, hana miadi, hajaandika popote, anataka aingie ghorofa ya tano kwa dirishani. Binadamu akifanya hivyo tunapiga simu polisi. Kwa ndege tunabandika stika.

3. Ubaguzi. Mwaka jana karani wa masjala alijigonga kwenye mlango wa kioo wa mapokezi, na chai yake, na mafaili yake. Pua ilivimba hadi tukawa tunamtambua kwa sauti. Mlibandika nini? Mlimbandika karani plasta, mlango mkauacha ulivyo. Mtaalamu ananieleza kwa huruma kwamba ndege anaona miti ndani ya kioo, anadhani ni miti kweli. Karani naye aliona mapokezi ndani ya kioo, akadhani ni mapokezi. Na alikuwa sahihi, jambo ambalo ndege hawezi kujitetea nalo.

4. Elimu itolewe. Napendekeza ndege wapewe semina ya nusu siku juu ya paa, kukiwa na mapumziko. Watakaofaulu wapewe vyeti, watakaofeli wapangiwe kupita upande wa magharibi. Mtaalamu awe mkufunzi, maana anawasemea vizuri kuliko wanavyosemewa wafanyakazi. Akisema ndege hafundishiki, aje anieleze ni nani aliyewafundisha kuacha magari yote ya uwanjani na kulenga la kwako.

5. Tukianza hatutaishia hapo. Kama kosa la kioo ni kuonyesha miti, basi hata miti ina kosa la kuonyeshwa. Ikatwe. Itabaki mbingu, nayo inaonekana kiooni siku za jua. Hapo sijui mtapeleka onyo kwa nani. Tena Mtaalamu mwenyewe, akicheka, alinidokezea kwamba kioo chenye vumbi humsaidia ndege kwa sababu hukiona. Kwa hiyo miaka kumi na tisa mmeniajiri nifanye kinyume cha usalama, na onyo lilistahili kupanda ghorofa ya nane, si kushuka chini ya ngazi. Na kama kioo kichafu ni salama kuliko kisafi, basi ukuta ni salama kuliko kioo, na kutokuwa na jengo kabisa ni salama kuliko vyote. Tubomoe, tuhamishie ofisi chini ya miti, tukae na ndege bega kwa bega. Watatuangushia juu ya mafaili badala ya kwenye madirisha, na mimi nitakuwa sina cha kuosha isipokuwa wewe.

6. Mashtaka haya hayana marehemu. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Barua yako inasema kila asubuhi ndege huanguka chini ya upande wa mashariki. Ndugu Meneja, mimi huingia saa mbili kamili, na kwa miaka yote hiyo sijakuta pale ndege aliyekufa. Sijakuta hata unyoya. Ua ni safi kama sahani. Shahidi wangu ni Shangazi wa ufagio, anayefika saa kumi na mbili na kufagia kabla yetu sote. Saa nne kila siku tunakunywa chai pamoja, kila mtu juu ya ndoo yake iliyofunikwa kifudifudi. Ameniambia habari za goti lake, habari za marehemu mumewe, na mambo ya binti yake ambayo binti mwenyewe hajui kama yanajulikana. Hajawahi kumtaja ndege. Shangazi hana jambo la kunificha. Tena ukitaka ushahidi wa macho, angalia maua yaliyo chini ya vioo vyangu: yamestawi kuliko ya upande wa magharibi, ingawa maji ni yale yale, na mtunza bustani anajisifia mkono wake. Pale si mahali pa msiba.

Kwa hayo naomba onyo lifutwe, vidoti visirudi, na Mtaalamu auombe radhi wembe wangu, ambao umeisha makali.

Nisalimie katibu muhtasi wako, ambaye najua ameisoma barua hii kabla yako, na dereva wako, ambaye ndiye anayeosha lile gari. Wasalimie wa nyumbani, wasalimie walio mikutanoni, na ndege wote wenye miadi wasalimie pia.

Wako katika usafi,
Mwosha Vioo

Shahidi: Shangazi wa ufagio. Sahihi: ..........................

Nyongeza:

Utaona nafasi ya shahidi iko wazi. Nilimpelekea Shangazi barua saa ya chai aweke sahihi. Aliisoma yote, akacheka kwenye semina. Alipomaliza namba sita akavua miwani, akanishika mkono kama mtoto anayevushwa barabara, akanipeleka kwenye maua ya mashariki. Anawazika pale. Kila asubuhi, kabla sijafika, miaka kumi na tisa.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akanikumbusha wiki yangu ya kwanza kazini, nilivyoshuka kwenye kamba nikamuuliza kama anaona kioo pale juu, naye akasema haoni kitu, na mimi nikacheka peke yangu kama mtu aliyepata mtoto. Anasema hakuwa na moyo wa kuiharibu furaha ile siku hiyo, na kesho yake ilikuwa vivyo hivyo.

Wiki niliyokuwa kwa mama mkwe, vidoti vikiwa juu, hakuzika hata mmoja. Alisubiri nirudi aniambie habari njema. Nilirudi na wembe. Jumanne asubuhi, nilipokuwa nimemaliza ghorofa mbili tu, alizika watatu.

Nimeona aibu, Ndugu Meneja, na nimelia, jambo ambalo naomba lisiandikwe kwenye faili langu. Barua nimeshindwa kuichana kwa sababu mwandiko umekaa vizuri, lakini isome kuanzia hapa tu. Nipe vidoti vyote. Nitavibandika mwenyewe, vidole viwili kati ya kimoja na kingine, na vikibaki vichache niachie nivipeleke kwenye mlango wa mapokezi kwa ajili ya karani.

Mama mkwe nitamweleza mimi. Mwezi ujao nitapanda naye basi hilo la kliniki, na tukifika hapo mbele nitanyoosha kidole mimi.