Mwanya wa Mke Wangu Urudishwe

Mtoni Mtongani, Temeke
Februari 1999

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa barua,

YAH: PROGRAMU ZA KULIPIA KATIKA KUREKEBISHA PICHA

Naomba nafasi gazetini kwako, japo chini ya tangazo la magodoro, niulize jambo lililoniharibia nyumba: hizi programu za kurekebisha picha, ambazo mtu analipia moja moja, kweli zina thamani ya hela zetu?

Idi iliyopita nilimpeleka mke wangu, Mwanaasha, studio kwa Bwana Kornelio hapa mtaani, tupige picha ya kutundika sebuleni. Bwana Kornelio siku hizi ana kompyuta. Alinieleza kwa heshima kwamba kompyuta peke yake haijui kitu. Ujuzi wote umo kwenye programu za ziada, ambazo amezinunua kwa dola, ndiyo maana kila moja ina malipo yake. Iko ya meno, iko ya shingo, iko ya mashavu. Mimi ni msimamizi wa stoo ya vipuri, na huko kazini kitu cha ziada huwa ni kitu kizuri. Nikamwambia aweke zote. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwanya. Programu ya meno imeuziba mwanya wa Mwanaasha. Imempa jino ambalo Mungu hakumpa, wala mimi sikuliposa. Mara ya kwanza kumwona ilikuwa harusini Mbagala, anacheka, na nakuapia Ndugu Mhariri, niliuona mwanya kabla sijaona kanga aliyovaa. Nilirudi nyumbani nikamwambia marehemu mama kwamba mchumba nimepata. Leo nimetoa hela zangu mwenyewe uzibwe.

2. Shingo. Mke wangu ana shingo ya pingili, na pingili zenyewe ni tatu. Programu imezipiga pasi zote. Kuna wanawake hapa pwani wanaomba kwa Mungu wapate japo moja. Mimi nimelipia ziondolewe, tena nimepewa risiti.

3. Kidoti cha shavuni hakipo. Nilipokwenda kuuliza, Bwana Kornelio alinijibu kwamba programu yenyewe ndiyo inayotafuta kasoro na kuziondoa. Nikamuuliza ni nani aliyeiambia kuwa hizo ni kasoro. Akaigeukia kompyuta, kana kwamba ndiyo itakayonijibu.

4. Mama mkwe. Alivuka na pantoni kutoka Kigamboni kuja kutusalimu, Mwanaasha akiwa sokoni. Nikamwamkia, akaketi akiikabili ile picha, akanywa chai yote akiikazia macho. Alipoweka kikombe chini akasema: “Baba, kuongeza mke dini imekuruhusu, mie sina neno. Lakini ndiyo umvishe gauni la mwanangu?” Ilibidi niape, na bado alitaka nimfungulie chumba cha uani ahakikishe.

5. Hili la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Mwanaasha alirudi akatukuta tunabishana. Aliitazama ile picha kwa utulivu, kisha akasema: “Kumbe miaka yote hii ukinitazama unaona vya kupunguza.” Hakugomba. Laiti angegomba! Alifungasha nguo zake, akaondoka na mama yake.

Ijumaa nilimfuata Kigamboni. Alinipokea vizuri, chakula nikala, tena wali na samaki wa kupaka. Lakini kila akitaka kucheka anaziba mdomo na kanga. Ndugu Mhariri, nimeumia. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akicheka mpaka majirani wanakuja kuuliza kuna nini, na sasa anaficha meno kwa sababu mimi nililipia ziada.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Mwanya, pingili na kidoti virudishwe mahali pake bila malipo, kwa kuwa kuuacha uso ulivyo si kazi. Bwana Kornelio avuke Kigamboni na sinia la halua, amchumbie Mwanaasha upya kwa niaba yangu, maana kwa ushahidi wa picha yake mimi nimeshaoa mwingine. Yule mwanamke wa kwenye picha amchukue yeye; kamtengeneza mwenyewe, amlishe mwenyewe. Serikali nayo, badala ya kuachia kila kitu kipite bandarini kwa kuwa sasa ni ruksa, iwaweke pale mabibi wa Kizaramo wenye macho mazima, wakague kila programu inayoingia nchini. Ile itakayoshindwa kutofautisha mwanya na kasoro irudi ilikotoka na meli ileile.

Jibu langu basi kwa wasomaji ni kwamba programu hizi hazina thamani hata zikigawiwa bure. Uso na kichwa cha mtu viachwe kama Mungu alivyoviweka, na isiwepo ruhusa ya pekee kwa yeyote yule.

Nisalimie wote hapo ofisini, wapiga chapa, wauza magazeti wa barabarani, na yule atakayeisoma barua hii ikiwa imefungiwa maandazi.

Nabaki kwa huzuni na adabu,
Mwishehe Twaha

Nyongeza: Kabla ya kuituma, barua hii nilimpelekea Mwanaasha aipitie. Ameirudisha, na chini kaandika hivi: “Nimecheka mpaka mama kaja kuuliza kuna nini, na kanga sikuishika. Narudi Alhamisi. Kornelio anirudishie mwanya wangu, na wewe akurudishie upara wako, maana huyo mwanamume mwenye nywele mie simjui.”

Ni kweli, ilikuwepo na programu ya nywele, na siku ile studio nilivua kofia. Bwana Kornelio, ukifika hapa: picha ya sebuleni ifanye kama Mwanaasha alivyosema, wote wawili tulivyo. Ila nitolee na nakala nyingine, yangu peke yangu, pamoja na zile nywele, na ukiweza zisogeze mbele kidogo zilifikie paji la uso. Iwe ndogo, ya kuenea ndani ya kofia. Gharama si neno.