Kifungu cha Tisa

Jumatatu, 3 Juni
Bomba limepasuka, dari imeangukia kitanda changu. Mimi nilikuwa msalani. Kwa mara ya kwanza tumbo hili limenitendea wema! Kifungu cha tisa cha mkataba: chumba kisipokalika siku kumi na nne mfululizo, mpangaji yuko huru.

Mwenye nyumba ni shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu. Siku ya kutia saini alicheka kwamba mwalimu mzee kama mimi hamalizi miaka mitatu ya mkataba. Nikaapa nitamaliza. Nihame hivi hivi, anicheke tena? Kamwe. Lakini daktari amenihesabia wiki, nami nataka kufia kwa binti yangu. Binti anasema, baba, njoo leo. Nimemjibu, kifungu kwanza. Nalala kitini, kwenye kona yenye maji kidogo.

Jumanne, 11 Juni
Siku ya tisa. Balaa! Fundi bomba amemaliza kazi. Mtu mwema, ndiye anayenibeba mgongoni kushuka ngazi. Shemeji kaja kukagua: sasa shemeji utakauka mpaka uwe mkaa! Alipotoka, nikapanda stuli na kijiko, nikachokonoa kiungo cha bomba. Miaka themanini na miwili, juu ya stuli! Maji yakaniosha kama maiti.

Jumatano, 12 Juni
Shemeji amemfukuza fundi mbele ya wapangaji wote. Kamwita mlevi. Fundi akaapa kwa mama yake mzazi kwamba alikaza. Akanitazama mimi, shahidi wake. Nikakohoa. Kikohozi cha uongo.

Jumapili, 16 Juni
Siku ya kumi na nne. Nimeshinda! Kikohozi sasa ni cha kweli. Daktari kasema mapafu yamejaa maji, nisisafirishwe popote. Shemeji kanibeba mwenyewe hadi sebuleni kwake. Hatua kumi. Mkataba kauchana bila kuusoma. Akasema, shemeji, ungeniambia tu, ningekuachia siku ile ile.

Nikageukia ukutani.

Jumanne, 18 Juni
Fundi kaja kuniona. Nikamwungamia yote. Akasema, mwalimu, mwambie na shemeji yako, nina watoto. Nikaapa. Shemeji akaingia na chai.

Nikakohoa.

Fundi akachukua kofia yake, akaenda zake.

Darini, juu ya kochi ninalolalia, kuna doa la unyevu. Dogo, la kupendeza. Sidhani kama daktari atamwacha mgonjwa mahali pasipokalika. Binti, aliyekuja kuniuguza, kaniuliza kama nahitaji chochote. Nimemwomba kijiko. Akauliza, cha dawa, baba?

Nikasema, kikubwa.